Hita ya Gesi Ikijizima, Usiilazimishe

Hotuba ya afisa wa zimamoto wa kaunti katika baraza la wakazi, Kinangop



Niliitwa nizungumzie moto wa jikoni. Huo tutauzungumzia siku nyingine, kwa sababu msimu huu wa baridi watu wanaonipigia simu wanauliza jambo moja: hita ya gesi ya kuogea inachemsha maji hadi yanaunguza, kisha inajizima mtu akiwa na sabuni machoni.

Kujizima huko si ubovu. Ndani ya hita kuna sensa inayopima joto, na joto likizidi, inakata gesi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kwa nini joto limezidi?

Mara nyingi jibu ni maji machache. Hita hizi hupasha maji yakiwa yanapita katika mabomba ya shaba juu ya moto. Maji yakipita polepole huku moto ukiwa mkubwa, yatachemka tu. Nyumba nyingi hapa zina tangi lililowekwa juu ya jukwaa fupi. Tangi likiwa mita 10 juu ya shawa, unapata nguvu ya bar moja. Likiwa mita 2, unapata sehemu ya tano tu ya nguvu hiyo, na hita nyingi hapo husumbuka.

Jipimie mwenyewe. Funga mtungi wa gesi, fungua shawa, weka ndoo ya lita 10 chini yake na utazame saa. Hita iliyoandikwa lita 6 kwa dakika ingejaza ndoo hiyo kwa dakika moja na sekunde 40 hivi. Ikichukua dakika 4, usimlaumu aliyekuuzia. Fungua kichwa cha shawa ukisafishe, kisha usafishe kichujio kidogo kilicho mahali maji yanapoingilia. Utashangaa mchanga utakaoutoa humo. Wenye maji ya kisima mna tatizo jingine: chokaa hugandamana ndani ya mabomba ya shaba, kama ile mnayoiona kwenye birika. Hiyo mwachie fundi aitoe.

Kisha tazama gesi. Kuna watu wamefunga regyuleta ya presha kubwa, ile ya majiko ya hoteli, ati maji yapate moto haraka. Hita ya nyumbani inataka regyuleta ya presha ndogo. Ukiwasha, moto uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano na unaacha masizi, funga gesi, uache kuitumia hiyo hita.

Sasa nisikizeni vizuri. Kuna nyumba tuliitwa jioni moja. Hita ilikuwa ndani ya bafu, na kwa wiki nzima ilikuwa ikijizima. Fundi aliitwa. Akaitoa sensa, akaunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja, akalipwa, akaenda. Hita haikuzima tena. Siku ya tatu mtoto wa shule akaingia kuoga, mlango umefungwa, dirisha limezibwa na gunia kwa ajili ya baridi. Mama yake aliona anakawia. Walipovunja mlango, alikuwa sakafuni.

Dohani, lile bomba la kutolea moshi, lilikuwa limezibwa na kiota cha ndege. Moshi na joto vilikuwa vikirudi chini, na sensa ilikuwa ikikata gesi kwa sababu hiyo. Mtoto alipata nafuu hospitalini, lakini dakika chache zaidi nisingekuwa nikiwaeleza hivi.

Kilichomwangusha ni kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Gesi ya mtungi hutiwa harufu makusudi ili ikivuja ujue, lakini hii hutokana na moto wenyewe unapokosa hewa, na pua haiitambui. Na sisi tunaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo moto unahitaji nafasi kubwa zaidi ya kupumua. Ukiumwa kichwa, ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu ukiwa unaoga, usimalize kuoga. Toka nje hata na taulo, uache mlango wazi, gesi ifungwe kwenye mtungi, na upige 999 au 112. Aibu ya taulo inaisha.

Hita ikae nje ya bafu, kwenye ukuta wa nje chini ya paa, mtungi nao nje. Gharama yake ni bomba la mita chache. Na fundi akikuambia ataiondoa sensa ili hita isikusumbue, mlipe nauli yake arudi kwao.

Naona mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja regyuleta. Karibu, mama.