FIDIA YA MFANYAKAZI NI HAKI, SI SADAKA

KHUTBA YA KWANZA

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyeiumba mikono ya wanaadamu na akajaalia riziki ya halali katika jasho lao. Sala na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, ambaye kabla ya kupewa Utume aliwachungia watu wa Makka mbuzi wao kwa ujira, na ziwafikie Aali zake na Sahaba zake wote.

Amma baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni nyinyi, na tunaziusia nafsi zetu kwanza, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu zetu Waislamu, leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo ni nadra kutajwa juu ya mimbari, ijapokuwa linaingia katika nyumba zetu kila siku. Nalo ni haki ya mtu anayeumia, au anayekufa, akiwa katika kazi ya mwenziwe. Kijana anapanda jukwaa la ujenzi asubuhi, na adhuhuri analetwa kwao juu ya machela. Fundi wa mbao anakatwa vidole vitatu na msumeno wa mashine. Mchukuzi wa bandarini anaangukiwa na mzigo. Baada ya hapo hutokea nini? Katika hali nyingi tunazozijua sote, tajiri huja na gunia la mchele, hutoa gharama za sanda au za daktari wa siku ya kwanza, huwapa pole wafiwa, kisha husema, "Ni qadari ya Mungu." Watu humshukuru kwa wema wake, na mlango hufungwa. Mwezi unaofuata hapana tena mchele, na watoto wapo.

Swali letu la leo ni hili: je, mchele ule ulikuwa sadaka au ulikuwa sehemu ndogo ya deni? Kwani sadaka ina thawabu kwa mtoaji, lakini mwenye deni akitoa robo yake na kuiita sadaka, hana thawabu ya sadaka wala hakutakasika na deni.

Enyi Waislamu, kuajiri mtu ni mkataba. Mwenyezi Mungu ametuamrisha mwanzoni mwa Sura ya Al-Maida tutimize mikataba yetu. Na Mtume S.A.W. ametufundisha, katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari, kwamba wako watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa mshindani wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimlipe ujira wake. Basi na tuyazingatie maneno haya. Kiama hakimngoji mwizi wa usiku peke yake. Kinamngoja pia mtu mwenye duka, mwenye karakana au mwenye shamba, aliyeheshimika mtaani na kukaa safu ya mbele msikitini.

Na ujira siku hizi si zile fedha za mwisho wa mwezi tu. Sheria za nchi zetu zimeingiza ndani ya mkataba wa kazi sharti jengine, kwamba mwajiri ajiandae tangu mwanzo kumfidia mfanyakazi atakayeumia. Katika Tanzania Bara hiyo ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyouanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Sheria ya zamani, iliyorithiwa kutoka zama za ukoloni, iliwekea fidia mpaka wa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo. Thamani ya shilingi ikaporomoka mwaka baada ya mwaka, na kiwango kikabaki pale pale, hata uhai wa baba wa watoto ukawa hauwezi kununua ng'ombe mmoja. Ndipo ikatungwa sheria mpya, na michango ya waajiri ikaanza kukusanywa mwezi wa Julai 2015.

Mchango huo hutolewa na mwajiri peke yake. Hapana ruhusa kumkata mfanyakazi hata senti moja ya ujira wake kwa ajili hiyo. Mwanzoni waajiri wa sekta binafsi walitozwa asilimia 1 ya mishahara wanayolipa. Mwaka 2021 ikapunguzwa ikawa asilimia 0.6, na mwaka 2022 ikawa asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma. Na tupige hesabu ili mtu asije akasema ameelemewa. Mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 400,000 humgharimu mwajiri wake shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwenye wafanyakazi kumi wa namna hiyo hutoa shilingi 20,000. Wako miongoni mwetu wanaotumia zaidi ya hizo kwa vocha za simu.

Kwa mchango huo, aliyeumia hutibiwa. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, hupewa asilimia 70 ya mshahara wake, na hali hiyo yaweza kuendelea hata miezi 24. Ulemavu wa kudumu ukiwa hauzidi asilimia 30 hupewa malipo ya mkupuo, na ukizidi hapo hupewa pensheni ya kila mwezi. Na akifariki, mjane wake na watoto wake huwa na haki yao. Wala mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba tajiri wake alizembea, bali inatosha kuwa madhara yametokana na kazi.

Ndugu zetu wa Kenya wana Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Huko mwajiri hulazimika kukata bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, na aliyepata ulemavu kamili wa kudumu hustahiki malipo ya mapato yake ya miezi 96. Zanzibar nayo ina sheria yake ya fidia. Njia zimetofautiana, lakini maana ni moja: madhara ya kazi yasibebwe na mnyonge peke yake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, sisi tunayajua maneno ambayo baadhi ya watu huyasema ili kuikwepa haki hii, nayo ni matatu. Inatupasa kuyajibu kwa elimu.

La kwanza ni qadari. Ni kweli kwamba hapana jani linaloanguka ila kwa ujuzi wa Mwenyezi Mungu. Lakini je, qadari hufuta deni? Mtu hufa kwa qadari ya Mungu, na juu ya hayo madeni yake hulipwa kabla ya kugawanywa mirathi yake. Mtume S.A.W. aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada R.A. alipojitolea kulibeba deni lile. Hakusema kwamba kifo ni qadari na deni limekwisha. Basi qadari ni itikadi ya kumliwaza aliyefikwa na msiba. Haikuletwa iwe ngao ya mwenye kudaiwa.

La pili husemwa na waliosoma kidogo. Husema kwamba imekuja Hadithi sahihi isemayo kuwa mtu akiangamia katika kisima au katika machimbo hapana dhamana juu ya mwenyewe. Hadithi hiyo ipo, nasi tunaipokea kwa kichwa na macho. Lakini maulamaa wameieleza kwamba inamhusu mwenye kisima asiyefanya uvukaji wa mpaka wowote. Ama aliyechimba mahali pasipo haki yake, au aliyesababisha madhara kwa kuvuka mpaka, huyo ana dhamana. Tena Hadithi hiyo inaeleza lile linalomlazimu mtu pasipokuwapo ahadi. Haikumkataza kujifunga kwa ahadi, wala haikumzuia mtawala kuwawekea watu utaratibu wenye maslaha nao. Na Mtume S.A.W. ametufundisha kwamba Waislamu hushikamana na masharti yao, isipokuwa sharti linaloharimisha halali au linalohalalisha haramu. Je, kumlisha mjane wa mfanyakazi wako ni haramu? Aliyefungua biashara katika nchi hii amefungua chini ya sheria zake, na masharti yale yamemshika shingoni.

La tatu ndilo zito zaidi, nalo ni kusema kwamba bima ni haramu. Hapa yataka tupambanue. Mwaka 1985, Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Jedda, lilikata shauri kwamba bima ya biashara yenye malipo maalumu ina ghururi kubwa inayoharibu mkataba, na kwamba inayokubalika ni bima ya ushirikiano, iliyojengwa juu ya kuchangiana na kusaidiana. Uamuzi huu tunauheshimu. Lakini Mfuko uliowekwa na sheria, ambao waajiri wote huuchangia na walioumia wakasaidiwa kwao, uko karibu zaidi na kusaidiana kuliko na biashara ya bima. Na pale sheria inapomtaka mwajiri achukue bima ya shirika, na atafute kwanza takaful. Huko Kenya shirika la takaful limekuwako tangu mwaka 2011. Akikosa, basi maulamaa wengi wa zama zetu wamemruhusu aliyelazimishwa na sheria kuchukua kiasi anacholazimishwa. Lisilokubalika ni mtu kuacha bima kwa jina la dini, kisha akaacha na fidia pia. Huyo hakukimbia haramu. Amekimbia gharama.

Na kuchangiana kwa namna hii si jambo geni katika Uislamu wetu. Wanafunzi wa fiqhi wanaijua sheria ya aqila. Mtu anapomuua mwenziwe kwa bahati mbaya, diya haikuachiwa yeye peke yake, bali ukoo wake huichangia. Sisi wafuasi wa Imamu Shafii tunasema aqila ni jamaa za kiumeni. Lakini Mahanafi wameshika alivyofanya Sayyidna Umar R.A., alipoanzisha diwani, yaani daftari la askari, kwamba walioandikwa katika daftari moja ndio wachangianao diya, kwa kuwa huko ndiko kusaidiana kulikohamia. Tazameni upana wa fahamu yake! Alipoona kwamba nguvu ya watu imetoka katika ukoo na kuingia katika daftari la kazi, dhamana nayo aliihamisha. Na leo kijana wa Tandahimba anafanya kazi Dar es Salaam, hana ammi wala binamu karibu naye. Jamaa zake wa kusaidiana watakuwa nani, kama si wale walio naye katika daftari la kazi?

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Muombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake.

Enyi Waislamu, elimu isiyofuatwa na matendo ni hoja dhidi ya mwenyewe. Basi wewe uliye mwajiri, ukitoka hapa jiulize mambo manne. Je, umejiandikisha, ama umejificha? Je, majina ya watu wako wote yamo, ama umewaandika watano na kuwaacha saba? Je, mshahara uliouandika ndio unaolipa, au umeupunguza ili mchango upungue? Basi kumbuka ole iliyowekwa mwanzoni mwa Sura ya Al-Mutaffifin kwa wapunguzao vipimo, kwani kupunja karatasini ni kupunja mizanini. La nne, mtu wako akiumia, je, unapeleka taarifa kwa wakati? Katika sheria ya Tanzania Bara na ya Kenya, mwajiri aliyearifiwa ajali ana siku 7 za kuitolea taarifa. Kunyamaza kwako siku hizo kwaweza kumkosesha mtu haki ya maisha yake.

Wala usimwekee mgonjwa karatasi kitandani ili atie dole gumba kwamba amesamehe. Msamaha wa mtu mwenye njaa na maumivu, asiyejua kilichoandikwa, si msamaha. Mwenyezi Mungu ameshurutisha katika Sura ya An-Nisaa kwamba mali iliwe kwa kuridhiana, na hofu si ridhaa.

Nanyi mnaofanya kazi, jueni haki zenu na mtekeleze wajibu wenu. Aliyeumia na amwarifu mwajiri wake mara moja, na aweke vyeti vya daktari na hati za mshahara. Madai ya fidia yana muda wake, nao ni miezi 12, basi msilaze damu. Wala asiwepo wa kujisingizia jeraha alilolipata mpirani kuwa amelipata kazini, kwani hiyo ni mali ya mayatima anayoila. Na ukipewa kofia ya chuma au kamba ya kujifunga, usione haya kuivaa. Mwili wako ni amana.

Nanyi akina mama na akina baba mnaotusikiliza majumbani, msidhani khutba hii ni ya wenye viwanda tu. Mtumishi wa nyumbani aliyeungua na mafuta akikupikia futari, ameungua katika kazi yako. Mkwezi uliyemwita akuangulie nazi, akaanguka, maulamaa humwita ajiri mushtaraka, mwenye kazi yake mwenyewe, na huenda sheria isimhesabu kuwa mwajiriwa wako. Lakini ameanguka kutoka katika mnazi wako, na uliuona umeoza ukanyamaza. Mahakama ikikuacha, yako Mahakama nyengine isiyohitaji shahidi.

Ewe Mola wetu, zitakase mali zetu na haki za wengine. Wape shifaa walioumia katika kutafuta halali, na uwarehemu waliokufa wakiwa njiani kuwatafutia watoto wao riziki. Wape waajiri wetu nyoyo za uadilifu na biashara zenye baraka, na wape wafanyakazi wetu uaminifu na salama. Ewe Mola wetu, tupe mema ya dunia na mema ya Akhera, na utukinge na adhabu ya Moto.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, simamisheni Sala.