Mgeni aambiwe ukweli kabla hajalipa

(Maelezo kwa waongozaji wageni wa Ngerengere)



Tangu treni ya umeme ianze kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, Ngerengere ina kituo ambacho mtu wa mjini hukifikia bila kupoteza siku nzima njiani. Jambo hilo ni jema, lakini limeleta kishawishi: kumwahidi mgeni milima ya Uluguru kana kwamba imesimama mlangoni pa kituo.

Ngerengere iko bondeni, mashariki ya milima hiyo. Mto wenye jina hilo huanzia mlimani, huingia katika bwawa la Mindu, huuzunguka mji wa Morogoro, ndipo huteremka kuja huku na hatimaye kukutana na Ruvu. Maji ambayo kule juu ni maangavu, yakifika huku yamekwisha kubeba udongo wa mashamba na taka za mji. Mgeni aliyeahidiwa kijito cha mlimani, kisha akaonyeshwa maji ya rangi ya kahawia, halaumiwi akinuna. Mto hauna kosa. Kosa ni la aliyeutangaza. Mgeni huyo huyo angeweza kuondoka ameridhika kama angeambiwa mapema kuwa atauona mto uliokwisha kunywesha mji mzima kabla ya kufika hapa.

Habari ya ndege ni ngumu zaidi. Katika misitu ya kaskazini ya Uluguru yuko ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Wako watu wanaotoka Ulaya kwa ajili yake tu. Ndege huyo hukaa juu kabisa ya miti mirefu, na husikika mara nyingi kuliko anavyoonekana. Basi mwongozaji anayesema, "Utamwona," anauza kitu asichokuwa nacho. Aseme, "Tutamtafuta, huenda tukamsikia tu." Baadhi ya wageni wataghairi, naam. Watakaokwenda hawatarudi wakidai fedha zao.

Kibaya kuliko vyote ni ile desturi ya mwongozaji kumwonyesha mgeni ndege mwingine wa manjano na kumwapia kuwa ndiye. Mgeni ana kitabu cha picha mfukoni! Akishagundua, hata yale ya kweli aliyoambiwa asubuhi huyatilia shaka, na mwongozaji mwingine asiyehusika hulipishwa deni hilo kesho yake.

Fedha nazo zitajwe wazi. Milima hiyo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, na kiingilio chake ni cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mgeni aelezwe kipi ni kiingilio, kipi ni gari, na kipi ni ujira wa mwongozaji, naye apewe stakabadhi. Safari ikikatika kwa kosa la mwongozaji, sehemu ya malipo irudishwe papo hapo, kabla mgeni hajaidai.

Tena kuna masika. Kati ya Machi na Mei njia ya kupanda Lupanga huteleza, na ukungu huweza kufunika kilele siku nzima. Mgeni akipiga simu mwezi Aprili, aambiwe hivyo hivyo, kisha atajiwa mwezi wa kuja.