Mguu wa Mgonjwa wa Kisukari: Tiba Ijayo na Wajibu wa Leo



Ndugu wapendwa, tumekusudia kuzungumzia kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari, kidonda kinachowakatisha watu viungo ilhali mara nyingi huzuilika.

Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu na kuziba mishipa ya damu. Mguu huingia ganzi. Mkulima wa mpunga katika Delta ya Rufiji hukanyaga kisiki cha mkoko au ganda la chaza asihisi chochote. Huko Dar es Salaam, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika habari za wagonjwa waliotafunwa miguu na panya usiku, wasiamke. Kidonda kikishaingia, damu haifiki ya kutosha, uvimbe hautulii, vijidudu hustawi, na mwisho wake huweza kuwa ni kukatwa mguu.

Wataalamu wa dunia hawakukaa kimya. Mwaka 1982 Ned Seeman wa Marekani alitoa wazo kwamba DNA, ule uzi unaobeba urithi wa viumbe, yaweza kujengea maumbo kama tujengavyo kwa matofali. Mwaka 2006 Paul Rothemund alionyesha namna ya kuukunja uzi huo upate umbo litakiwalo. Leo maabara, hususan za China, hutengeneza vijipiramidi vya nyuzi nne za DNA, vinavyopimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa wanyama wa majaribio wenye kisukari, vimetuliza uvimbe, vimeotesha mishipa mipya ya damu na kuharakisha kufunga kwa vidonda. Wengine wameigeuza DNA kuwa ute wa kufunika kidonda, unaoachia dawa kidogo kidogo. Katika kazi hii DNA ni tofali na chombo cha kubebea dawa. Haikusudiwi kubadili nasaba ya mtu.

Hizo ni habari njema. Lakini tiba hiyo ingali maabarani, na kidonda hakingojei.

Hapa kwetu njia iliyokwisha jaribiwa ipo. Tangu miaka ya 2000, mpango wa Hatua kwa Hatua, ulioongozwa na Dk. Abbas, uliwafundisha madaktari na wauguzi wa hospitali mbalimbali za Tanzania kukagua na kutibu miguu mapema, na waliouendesha waliripoti kupungua kwa ukataji wa miguu.

Nasi tunao ukaguzi wetu. Mara tano kwa siku twaosha miguu kwa ajili ya udhu. Basi mwenye kisukari atazame nyayo na kati ya vidole. Asiyeona vizuri atazamiwe na mwanawe. Akaushe vidole kwa kitambaa, asitembee peku, na asipashe miguu motoni. Akiona lengelenge au mchubuko, asitie majivu wala asikate sugu kwa wembe. Aende zahanati siku hiyo hiyo.

Tunajua kwamba mtu wa visiwani hungoja maji yajae ndipo mashua iondoke, na nauli ya kufika Kibiti si ya kila mmoja. Hapo ndipo jamaa hungoja wiki, na wiki huchukua mguu. Kwa hiyo tunaomba kila msikiti uweke akiba ya nauli kwa mgonjwa wa namna hiyo. Mguu wa baba mmoja ni chakula cha nyumba nzima.

Wabillahi tawfiq.