Siku Kati ya Mifungo Miwili



Waayalandi, katika lugha yao ya Kigaeli, huiita Ijumaa Aoine. Neno hilo latokana na ieiunium la Kilatini, maana yake mfungo. Jumatano huitwa Céadaoin, yaani mfungo wa kwanza. Na Alhamisi Déardaoin, siku iliyo kati ya mifungo miwili. Wagaeli wa Uskoti na wa Kisiwa cha Man nao wanayo majina ya asili hiyohiyo.

Injili ilipoenea Ayalandi katika karne ya 5, ilikuja pamoja na Kilatini cha Kanisa na desturi zake. Kufunga Jumatano na Ijumaa kulikuwa kumekwisha kuagizwa katika Didake, maandishi ya Wakristo wa mwanzo. Jumatatu, Jumanne na Jumamosi zilibaki na majina ya Kirumi, ya mwezi na ya miungu Mars na Saturnus. Lakini katikati ya juma, mfungo uliingia hata katika kuhesabu siku.

Hata hivyo, jina laweza kudumu hali tendo limekoma. Mtu aweza kuitaja siku kati ya mifungo miwili, naye hafungi hata mmoja. Je, sisi tuitwao Wakristo, jina letu lingali na tendo lake?

Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yatuagiza kujinyima nyama siku ya Ijumaa, au chakula kingine kadiri ya agizo la Maaskofu wetu. Lakini yuko ndugu ambaye nyama huiona Krismasi na Pasaka tu. Huyo ajinyime nini? Na ajinyime kumsengenya jirani. Mwenye kunywa pombe aiache siku hiyo, na fedha yake imnunulie yatima daftari. Nabii Isaya alikwisha kutufundisha kwamba mfungo umpendezao Mungu humfikia mwenye njaa. Mfungo usiomfikia mtu ni njaa tu.

Na Jumapili je? Wagaeli huiita Domhnach, siku ya Bwana. Na zamani neno hilohilo lilimaanisha pia kanisa. Anayefunga Ijumaa kwa upendo huifikia Jumapili akiwa na kitu cha kumtolea Bwana. Ijumaa ijayo, basi, tusiipitishe kwa jina tu.

Mungu awabariki. Amina.