Mguu wa Mashine: Maneno ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi



Habari za hisa, mikopo na faida zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, hatutazirudia. Sisi tumeombwa tuzungumze jambo moja tu, mashine ya boti. Wapo waliocheka waliposikia. Lakini pesa nyingi kuliko zote tulizowahi kuzitoa sandukuni kwa siku moja zilikwenda kwenye mashine ile, na kikundi nusura kife kwa ajili yake.

Wageni watauliza, wanawake wa kuweka na kukopa wana nini na mashine ya boti? Tunalima mwani. Pwani hii ya mashariki ya Unguja kilimo cha mwani kilianza mwaka 1989, na mama zetu walilima kwa miguu, maji yakipwa unatembea mpaka kwenye vigingi vyako. Siku hizi maji ya karibu yanapata moto na mwani wa kotonii, ule wenye bei, unakufa. Anayeutaka afuate kina. Kina hakifikiki kwa miguu, na kurudi na magunia ya mwani mbichi kichwani haiwezekani. Ndipo mwaka wa nne wa kikundi tukanunua boti ya mbao, ya pili mkono, na mashine mpya ya farasi 15.

Boti tuliikagua mpaka misumari. Mashine hatukuikagua. Muuzaji mmoja mjini alitwambia zipo za mguu mfupi na za mguu mrefu, na kwa bahari mrefu ndio bora, tena bei moja. Tukaona tumepata zaidi kwa pesa ile ile. Aliyetia saini ni mwenyekiti, na hilo tunalisema mbele yenu leo kwa sababu siku ile tulitafuta wa kumlaumu, na wa kulaumiwa alikuwa amekaa kiti hiki hiki.

Mguu ni kile kipande cha mashine kinachoshuka majini kutoka pale inapoangikwa mpaka kwenye rafadha. Tulipoifunga, ulishuka chini kupita kiasi. Boti ilikuwa nzito kama inavuta nanga, petroli inakwisha njiani, maji yanaruka nyuma mpaka kwenye magunia. Tukasema ndivyo zilivyo mashine.

Kisha likaja bamvua. Tulitoka alfajiri watu sita, tukavuna, na saa tatu asubuhi tunarudi maji yanapwa mbio. Juu ya fungu la mchanga rafadha ikagonga. Tukainua mashine, tukashika upondo, lakini muda ulishapotea na maji hayakutungoja. Tulikaa juu ya mchanga mpaka saa nane mchana. Mwani ukaungua na jua ndani ya magunia. Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto anayenyonya, kamwacha kwa jirani kwa saa mbili. Alipofika nyumbani hakusema neno. Wiki ile ile alikuja kuchukua hisa zake, na mpaka leo hajarudi. Leo tumempelekea mwaliko.

Baada ya hapo kila mmoja akawa fundi. Wengine uza mashine, wengine uza boti. Bwana mmoja akashauri tuukate ubao wa tezi. Alhamdulillahi hatukumsikiliza! Ubao hukatwa pale mguu unapokuwa mfupi kuliko boti, wala hapo si kwa kukimbilia, kwa sababu tezi ikiwa fupi wimbi la nyuma linaingia ndani. Sisi shida yetu ilikuwa kinyume chake.

Aliyetufungua macho ni fundi wa boti, mzee wa kijiji cha pili. Hakuitazama hata mashine. Aliuliza, "Boti yenu inchi ngapi?" Hatukujua. Katika sisi yumo fundi cherehani ambaye hakati kitambaa bila kupima mara mbili, na tepu ilikuwa ndani ya mkoba wake. Tukapima pale pale.

Unaanza juu ya ubao wa tezi, katikati, pale mashine inapokalia, unashuka mpaka chini kabisa ya boti, kwenye mkuku. Ikija kama inchi 15, yaani sentimita 38, hiyo inataka mguu mfupi. Kama inchi 20, sentimita 51, mguu mrefu. Zipo na za inchi 25 za maboti makubwa. Mashine nyingi zimeandikwa S kwa mfupi na L kwa mrefu. Yetu imeandikwa L, na boti yetu ni inchi 15. Zile inchi tano ndizo zilizokuwa zikilima mchanga.

Kosa letu jengine lilikuwa kufikiri kwamba mguu unachaguliwa kwa kina cha bahari. Hata waliotupinga walisema hivyo hivyo, maji haba basi mguu mfupi. Sivyo. Mguu unachaguliwa kwa boti. Tia mguu mfupi kwenye boti ya inchi 20 uone, rafadha itakula upepo, mashine inapiga kelele na boti haiendi, na tundu la kuvutia maji ya kupoza likitoka juu mashine inaungua. Mtu wa maji haba anatafuta kwanza boti yenye tezi fupi, kisha mguu wake.

Mashine hatukuiuza. Yule mzee alipachika kipande cha ubao mgumu juu ya tezi, inchi tano, kimeshikwa kwa bolti zilizopenya mpaka ndani, si misumari. Akatuonesha lile bapa lililo juu ya rafadha, kama bawa la samaki. Boti ikiwa juu, bapa hilo liwe sawa na chini ya boti, au lishuke inchi moja tu. Akatufungia na mnyororo, maana mashine iliyonyanyuliwa inatikisa ubao zaidi, na bolti tunazikaza kila bamvua. Kila tukiwasha tunatazama kama inakojoa (wazee mtatusamehe, ndivyo wasemavyo manahodha). Maji yasipotoka nyuma tunazima.

Hata sasa, chini ya boti iko kama futi moja ya mashine. Penye fungu tunapunguza moto na kuiinamisha kidogo, tundu la maji libaki ndani. Pakiwa haba zaidi ni upondo, hapana ujanja.

Kamati imekwishaamua kununua boti ya pili. Mweka hazina ana fimbo yenye alama mbili, ya 15 na ya 20, na hatoi pesa mpaka fimbo isimame kwenye tezi mbele ya wanachama watatu. Leo ameiweka mlangoni. Mwenye boti yake na aichukue akapime baada ya chakula, maji yatakuwa yamejaa saa kumi, lakini airudishe.