Kubana Elektroni na Kulinganisha Saa: Mipaka ya Hoja ya Haba na Haba

Miongoni mwa wanaochunguza mwendo wa atomu kwa miali ya elektroni, husikika mara kwa mara kauli kwamba kubana kundi la elektroni ni gharama isiyo ya lazima, kwa kuwa mwenye kutaka pigo fupi anaweza kupunguza elektroni hadi ibaki moja katika kila pigo, kisha akasubiri picha ijengeke haba na haba. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo ni kweli kwa sehemu tu, na kwamba hata wanaoipinga mara nyingi husahau jambo lililo kubwa zaidi.

Msingi wa fani unajulikana. Pigo la leza huanzisha badiliko katika fuwele, na pigo la elektroni lililozaliwa na leza hiyohiyo hulifuata, likapenya sampuli na kuchora kwenye kigunduzi pete zinazofichua mpangilio wa atomu. Kuchoreka huko ndiko difraksheni. Atomu husogea ndani ya makumi au mamia ya femtosekunde, na sekunde 1 ina femtosekunde milioni bilioni. Kwa kuwa elektroni zote zina chaji hasi, zikisongamana husukumana, za mbele zikazidi kutangulia na za nyuma zikazidi kuchelewa, hata pigo likarefuka njiani.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa sharti kwamba tukio linaweza kurudiwa. Mwaka 2003, Bradley Siwick na wenzake wa kundi la Dwayne Miller mjini Toronto walionyesha kwamba utando wa alumini wenye unene wa nanomita 20 hupoteza mpangilio wa fuwele ndani ya pikosekunde 3.5, yaani femtosekunde 3,500. Sehemu iliyoyeyushwa haikufaa kupigwa tena, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki, na anayetaka kuandika tukio kama hilo kwa elektroni mojamoja angehitaji sehemu mpya za utando zisizohesabika. Zaidi ya hayo, elektroni iliyo peke yake haisukumwi na jirani, lakini hutoka kwenye kathodi ikiwa na nishati inayotofautiana kidogo na ya iliyoitangulia, kwa hiyo moja huwahi na nyingine huchelewa. Ndiyo maana mwaka 2016 Catherine Kealhofer, Peter Baum na wenzao walitumia mawimbi ya terahezi kubana mapigo ya elektroni mojamoja mara 12. Kama upweke ungetosha, wasingekuwa na cha kubana.

Jibu kamili zaidi lilitolewa mwaka 2010 huko Eindhoven, Uholanzi, na Thijs van Oudheusden, Jom Luiten na wenzao, katika makala inayostahili kusomwa mstari kwa mstari. Kundi la elektroni zaidi ya milioni moja, lenye nishati ya kiloelektronivolti 95 na kasi inayozidi kidogo nusu ya kasi ya mwanga, lilipitishwa katika chumba cha mawimbi ya redio ya gigahezi 3. Elektroni za mbele zilipoingia, uga wa umeme ulizizuia. Zilipofika za nyuma, uga ulikuwa umegeuka na ukazisukuma, hata zikazifikia za mbele penye sampuli. Pigo likawa chini ya femtosekunde 100, urefu usiofika mikromita 17, na pigo moja tu likatosha kuchora pete za difraksheni za utando wa dhahabu.

Hata hivyo makala hiyohiyo inataja kwamba muda wa kuwasili uliyumba kwa femtosekunde 80. Mzunguko mmoja wa gigahezi 3 huchukua pikosekunde 333, hivyo kosa la digrii 0.1 katika awamu ya wimbi husogeza muda wa kuwasili kwa takribani femtosekunde 93. Mtoa mhadhara mwenyewe aliwahi kukesha akitafuta chanzo cha myumbo wa aina hiyo, na kulipokucha akabaini kwamba kiyoyozi kilizimika usiku na kebo ya mawimbi ya redio ikarefuka kwa joto.

Vyanzo vya ukungu wa muda hujumlishwa kwa miraba yao, na kipeuo cha pili cha jumla hiyo ndicho upambanuzi. Pigo la femtosekunde 100, leza ya 50 na myumbo wa 80 hutoa upambanuzi wa takribani 137. Pigo likibanwa hadi 30 bila kugusa myumbo, hesabu hushuka hadi 99 tu, ilhali myumbo nao ukipunguzwa hadi 10, hufika 59. Ni kweli kwamba chumba cha redio hubeba elektroni nyingi kwa urahisi kuliko terahezi, na faida hiyo haipaswi kupuuzwa. Lakini terahezi ya mwaka 2016, iliyozaliwa na leza ileile iliyozalisha elektroni, ilikuwa na uthabiti wa chini ya femtosekunde 4, na hapo ndipo mwelekeo wa fani unapoonekana: anayebana elektroni kwa mawimbi yanayofuata saa moja na kuamsha fuwele kwa leza inayofuata saa nyingine atapata pigo fupi, lakini hatajua limefika lini.