Mazungumzo: Akili Inapotatizika Mlimani, na Tiba za Kichina



Wapo vijana wetu wanaokwenda masomoni China, na wapo wanaojiunga na misafara ya kupanda Kilimanjaro. Yafaa wajue, wao na wazee wao, kwamba mlima mrefu haudhuru kifua na miguu tu, bali akili pia.

Mjini Lhasa, mita 3,650 hivi juu ya bahari, kila pumzi huleta takriban theluthi mbili tu ya oksijeni tunayoipata hapa pwani. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ni kiasi cha nusu. Ubongo hutumia kama moja ya tano ya oksijeni yote ya mwili, hivyo huathirika mapema. Mtu husahau alilotumwa, hesabu nyepesi humshinda, huamua mambo ovyo. Akianza kuyumba kama mlevi na kusema yasiyoeleweka, hiyo ni dalili ya ubongo kuvimba, nao waweza kuua katika siku moja. Na mwenyewe aghalabu husisitiza kuwa hajambo!

Huko China mgeni huuziwa hongjingtian, mzizi wa mmea wa milimani unaosifiwa tangu zamani. Jaribio la wataalamu wa Taiwan lililochapishwa mwaka 2013 halikuona kuwa unakinga maradhi ya mlima kuliko kidonge kisicho na dawa. Majani ya mti wa ginkgo nayo yalijaribiwa kwa wapanda Himalaya, matokeo yakatolewa mwaka 2004: hayakufaa, iliyofaa ni dawa ya hospitali, asetazolamidi.

Hatuidharau tiba ya Kichina. Madaktari wa Jimbo la Jiangsu walianza kutuhudumia Zanzibar mwaka 1964, na dawa mseto ya malaria tuliyoipokea mwaka 2003 asili yake ni mmea wa Kichina, qinghao, uliompatia Bibi Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini qinghao ilipimwa ikathibitika. Na Wachina wenyewe, walipofungua reli ya Lhasa mwaka 2006, hawakuwagawia abiria mizizi. Waliongeza oksijeni ndani ya mabehewa.

Kwa hiyo, anayevuka mita 3,000 asipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na asetazolamidi aiulize kwa daktari kabla ya safari. Mwenzenu akichanganyikiwa, mwambieni atembee kwa kufuata mstari, kisigino mbele ya vidole. Akishindwa, ashushwe saa ileile, hata usiku, wala asiachwe kushuka peke yake.